Kipande Kilichobaki Kwenye Baridi

Zamani mtu alizikwa mwili mzima. Siku hizi tunazika kile ambacho maabara imetuachia.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, kitinda mimba wa fundi viatu na mkunga, katika chumba cha nyuma ya karakana, kilichonuka gundi na ngozi mpya. Kusoma alifundishwa na kaka yake mkubwa, ambaye hakupata kukaa darasani, kwa magazeti ya kufungia viatu. Kisha shule ikamchukua, baadaye chuo. Kila likizo alirudi na maneno ambayo kaka yake alilazimika kuyasaka kwenye vitabu vya mitumba.

Mwaka 1990 aliajiriwa katika maabara ya hospitali. Aligandisha vipande vya mwili kwa ghafla, akavikata vyembamba kuliko utando wa kitunguu, akavipiga picha kwa mashine inayoonyesha chumvi, mafuta na dawa vimekaa wapi ndani ya seli moja.

"Kikiyeyuka tu, kaka, kila kitu kinahama," alieleza. "Ni kama kupiga picha ya nyumba baada ya mafuriko."

Pumzi ya mtu ilitosha kukivika kipande barafu na kukiharibu, kwa hiyo alijizoeza kuizuia. Hata nyumbani, akimimina chai, hakupumua.

"Pumua, mama, hiyo ni chai!" kaka yake alimtania.

Mwaka 1993 aliolewa na dereva wa lori, ambaye baada ya kuishika mikono yake aliwatangazia watu kwamba ameoa friji. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka jana alipatikana na uvimbe kwenye ini. Baada ya miezi ya dawa alikatwa kipande, akakigandisha na kukipiga picha mwenyewe. Jioni alikaa jikoni kwa kaka yake bila kuvua koti.

"Dawa imefika mlangoni mwa seli," alisema. "Haijaingia. Wenzangu wanataka kujua kwa nini. Kaka, usikubali waniyeyushe."

Kaka yake akammiminia chai.

Aliaga dunia Jumanne alfajiri, tarehe 14 Oktoba. Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na kaka huyo ambaye, tangu siku hiyo, akimimina chai anahisi mtu nyuma yake amezuia pumzi.

Jana kaka yake alikwenda maabara na kisanduku cha ngozi alichokishona mwenyewe, akachukue kilichobaki, ili dada yake azikwe mwili mzima kama wazazi wao. Mama mmoja aliyefanya kazi na marehemu hakubishana. Alivaa glavu nene, akafunua pipa la kugandishia. Mvuke mweupe ukamwagika hadi miguuni mwao. Kwenye ncha ya kibanio alichokiinua humo palikuwa na kitu kidogo kama punje ya mchele.

"Ndiye huyu, mzee. Ukisema nikupe, nakupa. Ila kabla hujafika getini atakuwa maji. Mtazame, lakini usimpumulie."

Kaka yake akazuia pumzi. Akamtazama mpaka kifua kikamuuma. Kusema kungekuwa kumpumulia, kwa hiyo akaashiria kwa mkono tu: mrudishe.

Mfuniko ukashuka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona. Kisanduku kinashuka naye kaburini leo, kitupu.

Apumzike kwa amani, pote pawili alipo.