Tisa Niliyoifuta

Asalaam alaykum mama zangu, dada zangu, na nyie wanangu wa chuo mliojibanza huko nyuma karibu na sinia la halua. Mwenye nyumba kanambia leo zamu yangu, niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka, na mie nikamkubalia kabla sijafikiri. Sasa nimeshasimama, kwa hivyo mnistahamilie. Majina sitataja. Wengine wamo humu humu, watajijua.

Wengi wenu mnajua nafanya kazi mtaa wa Ghala hapa Maskati, kwenye kampuni inayoleta vyakula kutoka nje: mchele, unga, samli, maziwa ya unga. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili nilikuwa mkuu wa ripoti. Mudiri wetu, mkubwa wa kampuni, akasema anataka ghala la data. Bibi zangu, msiogope neno. Duka lina kompyuta yake, bohari ina yake, magari yana yao, na kila moja inasema lake. Ghala la data ni pahala pa kuzileta habari zote hizo, za miaka na miaka, zikasafishwa na kupangwa, ili ukiuliza samli iliuzika wapi zaidi msimu uliopita upate jibu moja, si matano. Palikuwa na mifumo mitatu ya kuchagua, na kazi ya kuipima nikapewa mie.

Tuliipima kila mmoja wiki mbili, mie na fundi wa kompyuta kutoka Kerala, Uhindini, mtu mpole, kazi yake safi. Hatukukubali mifano mizuri ya wauzaji, tuliitia habari zetu wenyewe na uchafu wake. Mfumo wa kwanza ulikuwa mwepesi kuliko yote, lakini Kiarabu kilitoka kimevurugika. Wa pili ulikuwa na mafundi hapa hapa Maskati, ukiharibika mtu anafika kabla ya adhuhuri, ila haukujua kalenda isipokuwa ya Januari mpaka Disemba. Wa tatu ulikuwa mzito kidogo watu wengi wakiuliza pamoja, lakini ulibeba kalenda mbili. Unataka Shaabani ya mwaka huu na Shaabani ya mwaka jana, unapewa. Na kwa muuza vyakula, ndugu zangu, Shaabani, watu wanaponunua vya Ramadhani, ndiyo mwaka mzima. Kwenye kalenda nikaupa tisa juu ya kumi, na nilipojumlisha, huo wa tatu ukawa mbele.

Basi aliyekuwa akiuuza huo wa tatu ni mtoto wa mama yangu mdogo.

Maskati hii nani si ndugu wa nani? Lakini wiki ile ile mwenzangu mmoja ofisini, asiye na asili ya Unguja kama siye, kwa utani tu, akasema, "Nyie Wazinjibari, mmoja akipata mlango, ukoo mzima unaingia." Tukacheka. Mie nikacheka kuliko wote. Kisha nikarudi nacho kile kicheko mpaka nyumbani Azaiba, kikakaa na mie mezani. Nikawasikia watu wakisema kabla hawajasema. Asubuhi nikafungua karatasi yangu ya alama kwenye kompyuta, nikafuta tisa, nikaandika tatu, nikaichapa upya. Mfumo wa pili ukashinda. Nikatia saini, na nakwambieni kweli, siku ile nilijiona mwadilifu kupita kiasi.

Fundi aliiona. Aliuliza mara moja tu kwa nini kalenda imeshuka. Nikamjibu kuwa ni uamuzi wangu, mie mkuu wake. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kompyuta yake.

Hapo ndipo nilipojifungia. Ndugu yangu nikawa namkwepa. Harusini akiwa upande huu mie nazunguka upande ule, na Idi naenda kwa mama mdogo mapema ili nisimkute. Na ofisini uwongo wangu ukawa unataka kulishwa kila siku. Mfumo haukuijua Ramadhani, kwa hivyo yule fundi akawa anazisogeza hesabu zile kwa mkono, siku kumi na moja nyuma kila mwaka, jinsi Ramadhani inavyotangulia, kabla wanunuzi hawajaagiza mali. Hakuna aliyejua isipokuwa siye wawili. Nami sikutaka wajue, maana swali la pili lingekuwa: kwa nini tulinunua mfumo usioijua Ramadhani?

Mwaka wa tatu baba yake fundi akafariki, akaenda kwao kuzika. Kabla ya kuondoka akaniomba niwatahadharishe wanunuzi kuwa ripoti haijasogezwa. Nikamwambia ntawaambia. Sikuwaambia. Kila nikinyanyua simu nalisikia lile swali la pili, naiweka chini.

Mtaniuliza, nyie Waislamu wazima hamkujua Ramadhani inaingia lini? Tulijua. Kila mtu nyumbani kwake alijua. Lakini ofisini ripoti imepigwa chapa, ina rangi na michoro, nani aikatalie? Wakaagiza kwa tarehe za mwaka uliopita. Shaabani ikawa inamalizika, watu wamejaa madukani, na unga wetu bado uko baharini. Siku hizo kila nikipita mbele ya rafu tupu nilitamani ardhi inimeze.

Mudiri akataka kujua kosa la nani. Kikao kikasema la fundi: mfumo ni wake kuuendesha, na yeye kasafiri. Asiongezewe mkataba. Binti yake alikuwa kidato cha mwisho hapa Maskati, na bila ya mkataba wa baba hakuna ukaazi, wote wanarudi kwao katikati ya mwaka. Barua ikaletwa kwangu niitie saini, maana mkuu wake ni mie.

Siku tatu ilikaa ndani ya droo ya meza yangu. Wanangu, mlango wa kutokea nilikuwa nnauona na ufunguo nnao mfukoni, mkono ndio haukuinuka. Nikisema, cheo changu kimekwenda na jina langu limekwenda. Nisiposema, mtoto wa watu anatolewa skuli kwa ajili ya jina langu. Nikisali nachanganya rakaa. Mama akaniuliza naumwa nini, nikamwambia tumbo.

Siku ya tatu fundi akaja. Alikuwa keshasikia. Nikadhani kaja kulia au kunishitaki, nikajikaza. Akaweka daftari juu ya meza yangu. Ndani kaandika, hatua kwa hatua, jinsi ya kuisogeza Ramadhani kwa mkono, kwa ajili ya atakayekuja baada yake. Akanambia, "Madamu, mwakani siku kumi na moja tena. Tafadhali usisahau."

Nililia hapo hapo, mtu mzima mie.

Ile karatasi ya kwanza, niliyoichapa kabla sijafuta, yenye tisa yake, sikuwahi kuichana. Ilikuwa kabatini chini ya nguo. Kesho yake nikaichukua, nikaenda kwa mudiri, nikazilaza karatasi mbili mbele yake, nikasema yote. Alizisoma zote mbili mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Nilikutaka unipimie mifumo. Wewe ukalipima jina lako."

Cheo akanivua, kazi akaniachia. Barua ya fundi akaichana. Nilitoka mle sina cheo, na ndiyo siku ya kwanza kwa miaka mitatu niliyokula nikashiba.

Jioni nikenda kwa ndugu yangu. Nimejitayarishia maneno mengi, sikuyafikisha hata nusu. Akasema, "Dada, mie ile biashara ya mfumo niliisahau zamani. Kilichonikera ni kuwa hunisalimii."

Kwa hivyo namshukuru Mola wangu, kisha yule fundi aliyenitendea wema nisiostahili, na mudiri aliyenivunja bila ya kunidhalilisha, na ndugu yangu, na mama, aliyejua si tumbo na akanipikia uji vile vile. Ninalokuachieni ni hili: kumpendelea ndugu ni dhulma, tumefundishwa tangu wadogo. Lakini kumnyima haki yake ili watu wakusifu, nako ni dhulma, na hiyo ndiyo tunayoivalisha kanzu nyeupe.

Sasa mfumo umezeeka na tunataka mwengine. Mwezi uliopita mudiri kanipa tena kazi ya kupima, na mmoja wa wauzaji ni binti wa ukoo wangu. Nikaandika juu kabisa ya karatasi, kabla ya alama yoyote: huyu ni wangu. Mudiri akaisoma, akasema nipime, na fundi naye apime peke yake, tulinganishe. Fundi kampa saba na nusu. Mie nimempa saba, kwa sababu mfumo wake ni saba.

Mama wa huyo binti yumo humu, na naona keshaanza kuninunia.