Sindano na Panya wa Makala ya Baiskeli

Wasikilizaji wapendwa, katika redio hii hakuna anayeijua kompyuta kama mimi. Naijua sana. Najua inapokaa, na najua fundi wa kumwita ikizimika. Darasa la saba nilimaliza, ila mashine ya kisasa kuliko zote pale shuleni ilikuwa kengele.

Leo tunamkumbuka mshonaji. Mshonaji wa nguo, baadaye mshonaji wa maneno. Majirani walimwita Bi Sindano. Kwenye kamusi elezo ya mtandaoni alijiita hivyo hivyo, Sindano. Kamusi elezo hiyo ni kitabu kikubwa kisicho na karatasi. Makala zake huandikwa na watu wa kawaida, wanaojitolea. Mmoja anaandika, mwingine anamrekebisha, wa tatu anamrekebisha aliyerekebisha. Kama mawifi jikoni, ila hawa chakula kinaiva.

Bi Sindano alianza kazi hiyo macho yalipokataa uzi mweusi. Aliiondoa cherehani, akaiweka kompyuta juu ya meza ileile, sebuleni. Alipoandika, mguu wake wa kulia uliendelea kukanyaga, na kanyagio halipo.

Mumewe ni fundi baiskeli. Wanamwita Mzee Breki, kwa sababu baiskeli aliyoipanda mwenyewe haikuwahi kuwa na breki. Mganga hajigangi. Huyu mzee ndiye tutakayekaa naye leo, maana ndiye aliyebaki na mzigo.

Mzigo ulianza hivi. Bi Sindano aliandika makala ya baiskeli, akamhoji mumewe kila kitu. Mzee akaeleza mnyororo unavyolegea, na jinsi spoki inavyogongwa kwa ukucha ukasikiliza kama imekaza. Mkewe akaandika yote, na mwisho akaweka: "Kwa mujibu wa mume wangu." Kesho yake wenzake wakaifuta sehemu hiyo. Wakamweleza kwa adabu kwamba kila jambo lazima liwe na chanzo kilichochapishwa. Mume si chanzo.

"Mume si nini?" Mzee Breki aliuliza.

"Chanzo."

"Na hawa watoto wako, chanzo chao nani?"

Bi Sindano alicheka hadi miwani ikaanguka. Mzee hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya baiskeli za watu tangu ujana, na leo anaambiwa hajachapishwa. Akachukua simu yake, akaingia kwenye makala ileile bila kujiandikisha, bila jina. Akaandika kwamba baiskeli ina magurudumu matatu, na la tatu limo kichwani mwa mwendeshaji. Kisha akajiegemeza kwenye kochi, macho kwa mkewe.

Bi Sindano akaguna. "Kuna panya ameingia kwenye makala yangu." Akafuta. Mguu ukakanyaga hewa.

Ukawa mchezo, wasikilizaji wapendwa. Mchezo wa mtu mmoja, au ndivyo mzee alivyodhani. Panya anatafuna, Sindano anashona. Wakati wa chai mzee anasimuliwa uchokozi wake mwenyewe, naye anatikisa kichwa na kusema, "Watu hawana kazi." Moyoni alijua kinachomsumbua. Mashine ile ilikuwa imemchukulia mke, na Panya ndiye pekee aliyemrudisha kwake, wakati wa chai.

Sasa nitasema polepole, nanyi msikilize polepole.

Alasiri moja Bi Sindano alishikwa na homa. Alijifunga shuka mabegani, meno yanagongana. Mumewe alikwisha kuvaa viatu ampeleke zahanati. Lakini mchana, kabla homa haijaonekana, Panya alikuwa ameshapita. Alikuwa ameandika kwamba kengele ya baiskeli hulia yenyewe ikimwona mama mkwe.

"Ngoja nimshonee Panya kwanza," Bi Sindano alisema.

Mzee Breki alikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Ni mimi. Angeyasema, mkewe angeinuka, wangeondoka, hata kama wangegombana njia nzima. Hakuyasema. Aliona aibu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akimtazama anatafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake, anabonyeza, anakosea, anaanza tena. Walipofika, zahanati ilikuwa imefungwa. Nasema tena, imefungwa. Hospitali walipokelewa asubuhi. Wiki haikuisha, Bi Sindano akafariki.

Daktari alisema saa zile zisingebadili kitu. Mzee Breki alimsikia. Kusikia si kuamini. Msibani alipokea pole kwa mkono wa kushoto, watu wakamwona hana adabu. Wa kulia aliuficha mfukoni. Ndio ulioandika.

Tulipomtembelea na kinasa sauti, tulimkuta sebuleni na watu wawili. Mmoja ni mdogo wa marehemu, yaani shemeji yake. Wa pili ni muuguzi, aliyekuwa akirekebisha makala pamoja na Bi Sindano. Hatujauliza swali, mzee akasema, "Mke wangu ameuawa na panya." Shemeji akainua miguu juu ya kiti. Ndipo mzee akaeleza yote mliyoyasikia, bila kutuangalia, akiitazama meza.

Muuguzi alimwacha amalize.

"Baba," akasema, "sisi tulitaka kumfungia Panya mapema kabisa. Bi Sindano akakataa. Alituambia, msimfungie, huyo panya namtilia chai kila siku."

"Alijua?"

"Anayeandika bila jina huacha namba ya mtandao wa nyumba yake. Namba ilikuwa ya nyumba hii."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema ukijua kwamba anajua, utaacha. Na ukiacha, utarudi kugombana na redio."

Mzee akapapasa ukingo wa meza. Kisha akauliza lile aliloliogopa. "Na siku ile ya homa?"

"Alinipigia simu akiwa hapo mezani, wewe umeingia chumbani kuvaa viatu. Anacheka, anakohoa. Akasema hii ya mama mkwe ni tamu, anatamani kuiacha, ila sheria ni sheria."

"Mama mkwe gani?" shemeji akauliza. "Huyo si mama yangu? Tutaongea mimi na wewe."

Mzee Breki akacheka. Kicheko hakikufika mbali, kikageuka njiani. "Alikuwa anatetemeka," akasema, "na mimi nilikuwa na maneno mawili." Muuguzi hakumbishia. Amezoea kurekebisha, lakini hilo aliliacha lilivyo. Shemeji akavuta kiti, akaushika ule mkono wa kulia.

Kwa mzee huyu, kwa shemeji yake, kwa watoto, na kwa wote wanaoshona makala bila kujulikana sura, redio hii inawapa pole. Alipolala Bi Sindano, pawe pema. Nasi tuliobaki tujiulize, ni neno gani fupi tumelishikilia mlangoni, na mtu wetu anatungoja? Tuliseme leo. Zahanati hufungwa.

Mzee Breki alituomba jambo moja, tuwatangazie kwamba Panya naye amezikwa. Tangu msiba hajagusa makala yoyote, wala hataigusa. Tukamwahidi kutangaza. Nimetangaza.

Wakati tunamwahidi, muuguzi alikuwa amefungua simu yake. "Baba, jana mchana mtu asiye na jina ameandika kwamba baiskeli iliyompoteza mwenyewe hurudi nyumbani peke yake. Sote tuliiona. Hatukuigusa. Ilipofika jioni, akaifuta mwenyewe."

"Si mimi," Mzee Breki alisema. "Simu yangu mbovu tangu juzi, hata kuwaka haiwaki."

Shemeji akaweka kikombe chini. "Na jana jioni, shemeji, ulinipigia simu kwa kutumia nini? Kwa kengele ya baiskeli?"