Mzee Mabenchi Anaiacha Bustani ya Ziwani

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mtunza bustani wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake kamili liko kwenye faili ofisini. Sisi tunamwita Mzee Mabenchi, na ukimwita vingine hageuki.

Alianza kama mfagiaji wa njia. Baada ya miaka sita akakabidhiwa upande wa chini, unaopakana na ziwa, na huko ndiko alikoanza mtindo wake wa kuhamisha mabenchi kufuata majira. Kiangazi huyapeleka kivulini, karibu na maji. Masika, ziwa likianza kupanda, huyapandisha kwenye kilima cha mawaridi. Kipupwe huyageuza yaelekee jua la asubuhi. Wageni wetu wa kila mwaka wakifika tu getini, huuliza safari hii wanakaa wapi.

Si wote waliofurahi. Meneja wa zamani alichoshwa na malalamiko ya mabenchi kupotea, akaamuru yote kumi na mawili yajengewe saruji. Mzee aliomba apewe masika moja tu. Likipotea hata benchi moja, atarudisha funguo aende nyumbani. Mkewe aliposikia, alimuuliza kama watoto wanne watakula mabenchi.

Masika ile alipandisha kumi na moja. La mwisho lilikuwa limekaliwa na wachumba, akaona haya kuwainua. Usiku maji yakapanda. Asubuhi benchi lilikuwa linaelea ziwani, bata wawili wamekaa juu yake kama wenye nyumba. Mzee aliazima mtumbwi, akalifunga kwa mpira wa kumwagilia na kulivuta hadi nchi kavu, huku meneja akimtazama dirishani. Meneja alicheka mpaka akakaa chini. Saruji ikaenda kujengea choo.

Mimi nipo kwenye kitalu cha miche. Nilipokuwa na mimba ya miezi minane, siku moja nilikuta benchi limewekwa mlangoni. Mzee ndiye aliyelileta. Kila aliponikuta nimesinzia juu yake, alizungusha toroli lake njia ya mbali.

Mwezi uliopita saruji ilirudi kwenye mpango wa bustani, kwa kuwa anayehamisha mabenchi anaondoka. Basi tukajipanga: walinzi, wakata nyasi, dada wa tiketi na mimi, mtoto mgongoni. Jumatatu tuliyahamisha yote kumi na mawili kwa ajili ya kipupwe, meneja wa sasa akishuhudia. Mzee aliamriwa akae atazame. Alikaa dakika tatu, akasimama kutuambia tunabeba kama tunaokwenda kuzika. Meneja alitoa kalamu papo hapo, akaifuta saruji kwenye mpango.

Mzee wetu, asante kwa yote. Ukija kututembelea, njoo kama mgeni, baada ya saa nne, geti likishafunguliwa. Ukionekana unainua kitu, tutakutoa getini, na si utani. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi nyingi za kukaa juani bila haraka.