Sindano ya Gadolini

Benchi letu ni la chuma, limeegemea ukuta wa karakana ya Miwani, mchomeleaji anayeitwa hivyo kwa sababu ya miwani yake myeusi inayoshinda kwenye paji la uso. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne: Miwani mwenyewe, Pima fundi cherehani, Gazeti tarishi mstaafu anayejua habari zote isipokuwa zilizothibitishwa, nami niliyefundisha kemia mpaka macho yakachoka. Kahawa ilikuwa nyepesi, jua kali, na hakuna aliyekuwa na hamu ya ubishi. Tulibishana kwa mazoea tu. Ndipo Dereva akaja, akasogezewa nafasi.

Mkewe anaumwa kichwa tangu mvua za mwanzo, na saa sita mchana siku hiyo alitakiwa hospitali kupigwa picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku. Kabla ya picha angechomwa sindano ya dawa yenye madini, ili kilichojificha mle kionekane. Dereva alimwacha nyumbani amekwisha kuvaa, viatu mguuni, akamwambia anakwenda kuuliza wenzake kidogo, atarudi sasa hivi.

— Wanasema ni chuma, alituambia. Chuma kwenye mshipa wa mama watoto wangu.

— Si chuma, nikasema. Ni metali iitwayo gadolini. Chuma ni kitu kingine.

— Jina halipunguzi hofu, Mwalimu.

Nikaeleza nilivyoweza. Gadolini ikiwa peke yake ni sumu, kwa kuwa mwili huidhania kuwa kalsiamu na kuipa kazi isiyo yake. Kwa hiyo watengenezaji wa dawa huifungia ndani ya molekuli kubwa inayoikumbatia kwa pande nane, kama kaa aliyekamata kitu na hataki kukiachia. Upande wa tisa huachwa wazi. Maji ya mwilini huingia hapo, huguswa na usumaku wake, hutoka, mengine huingia, na ndiyo sababu picha hung'aa mahali dawa ilipofika. Kisha figo huitoa karibu yote, kumbatio na kilichokumbatiwa. Nikamuuliza habari za figo za mkewe. Akasema zilipimwa, ni nzima.

Pima akatikisa kichwa.

— Mimi nimefunga nyuzi maisha yangu yote. Hakuna fundo lisilofunguka. Hilo nalo likifunguka mle ndani? Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitajitembeza hicho.

Nilimjibu kwamba hilo ni nadra, hasa molekuli ikiwa ya umbo la pete. Hakunisikia, kwa sababu Miwani alikuwa ameingia na habari ya sumaku. Yeye anayo moja karakanani, ndogo tu, lakini inanyanyua nyundo. Sasa shemeji atalazwa ndani ya sumaku kubwa kama pipa, na madini yamo kichwani.

— Yatatokea wapi? aliuliza.

— Masikioni, akasema Pima.

— Sikio moja au yote mawili? akauliza Dereva, na hakuwa akitania.

Gazeti alimaliza kahawa yake, akaongezewa, akatuonea huruma.

— Nyinyi mnaangalia sindano. Angalieni choo. Kwa nini wagonjwa wanahimizwa kunywa maji mengi? Hayo madini ni adimu. Mkojo unateremka kwa bomba lake, unachemshwa, madini yanauzwa upya. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kwa hiyo shemeji yetu ni mgodi, akasema Miwani.

— Mgodi usio na mwenyewe.

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliolala vibaya. Dereva hakucheka. Alinigeukia mimi.

— Mwalimu, angekuwa mkeo, ungekubali?

Nikaanza kumweleza tofauti ya molekuli ya pete na molekuli ya uzi, kwa kuwa hilo ndilo nililolijua. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nilikuwa bado katika pete nilipoona wenzangu wametazama barabarani.

Alikuwa mdogo wake mke wa Dereva, amebeba chupa ya chai na mfuko wa nguo, jasho likimtiririka.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Shemeji, nimefika nyumbani niwasindikize, nimekuta kufuli mlangoni. Dada yuko wapi?

Dereva alitazama simu yake. Hakuna aliyempigia. Kisha akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba mkewe alikuwa mmoja wetu. Miwani aliteremsha ile miwani yake machoni, wakati hakuna kilichokuwa kikichomelewa.

— Labda katoka kidogo sokoni, Pima akasema mwishowe.

— Sokoni? Na saa sita ndiyo hii?

Yule mwanamke hakutungoja. Alihamishia mfuko bega la pili, akavuka barabara kuelekea upande wa hospitali. Dereva aliinuka bila kuaga, akamfuata, nyuma yake, kama mtu asiyeijua njia.