Kolasani Ravamma, Mjane Aliyefungua Mfuo Wake Mwenyewe

Nani aliwaambia kwamba mkono wa mjane unaua mbegu? Aliyesema hivyo hakuwahi kuonja pilipili za Ravamma.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1944 kijijini Gollavaripalem, wilaya ya Guntur, mtoto wa pili wa Subbayya na Manikyamma, wakulima. Alisoma hapa kijijini hadi darasa la tano, akatolewa shule ili achunge nyati. Mashairi ya darasani aliyaimba mpaka uzeeni, akiyachanganya. Wajukuu wakimsahihisha, aliwaambia, "Mwalimu wangu alikuwa na fimbo. Nyinyi mna nini?"

Tarehe 3 Mei 1962 aliolewa na Kolasani Ramakotayya, mtoto wa mjomba wake, kama desturi ilivyotaka. Walijaliwa binti mmoja, Sitaratnam. Mwaka 1979 Ramakotayya aliumwa na nyoka akiwa shambani, akafariki.

Mwezi mpevu wa Juni ulikuta nyumba ingali na majonzi. Hiyo ndiyo siku ya kuosha maksai, kuwapaka pembe rangi, kuwalisha wali wa sukari guru, kisha mwenye nyumba kufungua mfuo wa kwanza wa plau shambani. Mjane hujifungia ndani mpaka plau zipite. Kukutana naye njiani ni nuksi. Veerayya, mdogo wa marehemu mumewe, alisimama mlangoni pake.

"Shemeji, funga mlango. Shamba nitakushikia mimi."

"Ukishalishika, utaliachia lini?"

"Huna mtoto wa kiume."

"Nina maksai wawili, wote wa kiume. Wananitosha."

Akatoka nao. Wanaume waligeuza nyuso. Mvua ilipochelewa walimlaumu yeye. Iliponyesha, hakuna aliyemsifu. Aliendelea kulima, na kwa pilipili za shamba hilo Sitaratnam alisomeshwa, na wanawe baada yake.

Kila baada ya mavuno alikuja mwimbaji wa nasaba, kuimba jinsi babu wa kwanza wa Kolasani alivyoshuka kutoka nyanda kavu za magharibi na jozi ya maksai na kibuyu cha mbegu za mtama. Mwaka mmoja Ravamma alimkatiza.

"Mzee, na mkewe alikuwa wapi? Amelala?"

"Mama, wimbo haumtaji."

"Basi na mimi leo sitaji chakula."

Mwimbaji alicheka mpaka akaweka ngoma chini, kisha akatunga ubeti wa huyo mke. Tunashukuru kwamba ubeti huo ungali unaimbwa katika kila nyumba ya ukoo huu.

Mwaka 2017 figo zake zilianza kudhoofika. Alitibiwa mjini Guntur, akaomba arudishwe nyumbani, na hapo alifariki jioni ya tarehe 16 Juni 2019, mkesha wa mwezi mpevu. Ameacha binti yake, Sitaratnam, ambaye sasa ndiye mwenye shamba. Mkwe wake, Anjaneyulu. Wajukuu wawili, Pardhasaradhi na Hymavathi. Na shemeji yake, Veerayya. Kwa yote aliyotulimia tunasema asante, naye apate pumziko la mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi iliyofuata, Pardhasaradhi alitoka uani akakuta maksai wa kijiji kizima wamepakwa rangi, wamefungwa nira, wamepangwa kando ya njia. Hakuna aliyewaswaga kwenda shambani. Veerayya, mzee wa miaka themanini, aliingiza bega chini ya mwanzi wa mbele wa machela ya marehemu.

"Plau zingoje," alisema. "Shemeji atangulie."

Wakampitisha uso wazi, mbele ya pembe zote.