Maharage ya Getini

Katika wasifu huu nilikuwa nimeandika kwamba marehemu binti yetu alipata shahada yake mwaka 2010. Nijisahihishe: ni 2011. 2010 ndio mwaka aliostahili, na hapo nitafika, maana jambo hilo limenikaa kooni.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1987, mtoto wa kwanza wa mdogo wangu, fundi cherehani. Utotoni alikuwa akipanda mbegu jioni, asubuhi anazifukua. "Baba mkubwa, hii bado imelala," ananiambia, kisha anaifunika taratibu. Alisoma shule za hapa hapa, na mwaka 2007 akaingia chuo cha kilimo. Baba yake alimshonea koti la safari, mkono mmoja ukazidi mwingine kwa ile furaha.

Mwaka wa tatu alipewa kipande cha ardhi karibu na geti la chuo kwa utafiti wake wa mwisho, juu ya maharage yanayovumilia ukame. Alipalilia mwenyewe, akasimika vibao. Maganda yakiwa bado mabichi, chuo kikapata habari ya mgeni mkubwa. Wakaletwa watu wenye mafyekeo, wakaambiwa pale getini pawe safi. Marehemu alitoka darasani akakuta kila kitu kimelala chini, vibao vimetupwa mtaroni. Msimamizi wake akamwambia bila mavuno hakuna utafiti, bila utafiti hakuna shahada. Asubiri msimu mwingine. Hakuna aliyemwomba radhi. Hakuna!

Mtaani ikawa amefeli. Chuoni wanafunzi wapya wakawa wanamtania, "Bibi, bado upo tu? Utazeekea hapa!" Shangazi yake mwenyewe alisema, "Kufeli si aibu, aibu ni kusingizia maharage." Nilimnyamazisha siku ile, na leo, dada yangu, nakunyamazisha tena mbele ya watu.

Alipanda upya, akavuna, akahitimu vizuri. Lakini nafasi aliyowekewa kwenye kampuni ya mbegu ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine. Aliuza dawa za mifugo dukani miaka mitatu ndipo akaajiriwa kuwa afisa kilimo, na wakulima aliowahudumia ndio hawa mnaowaona wamejaa hapa. Mwaka 2014 aliolewa na fundi umeme, aliyetuambia ukweni, "Shahada za wenzake zimeiva miaka mitatu, ya huyu minne. Mimi nimechukua iliyoiva." Tulicheka sana. Yeye alicheka kidogo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hata wodini nilimsikia mtu akinong'ona, "Si ndiye yule aliyefeli chuo?" Nilitaka kumtoa kwa fimbo yangu. Hakufeli. Mkitoka hapa, semeni hivyo: hakufeli. Alifariki tarehe 3 Februari 2023, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili wa kike, wazazi wake, wadogo zake watatu, na sisi wazee ambao tungepaswa kutangulia. Alale salama, mwanangu.

Mwaka ule maharage yalipofyekwa, nilikwenda kwa mkuu wa chuo. "Mzee, hayo yameshapita," akaniambia, huku ananifungulia mlango nitoke. Nikamwambia sawa, lakini nijibu kitu kimoja tu, na mpaka leo hajanijibu yeye wala mwingine yeyote: huyo mgeni wenu, alifika?