Mama Wanga na Mwaka wa Zamu za Damu

Baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha dobi cha hospitali yetu, Mama Wanga anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa, kati ya tuliobaki, mimi ndiye niliyefanya kazi chini yake muda mrefu zaidi. Nimekubali, ingawa kuna kipande kimoja cha habari hii ambacho mpaka leo sikielewi, na yeye mwenyewe hakielewi. Nitakieleza hivyohivyo kilivyo.

Aliajiriwa akiwa binti mwembamba wa kukunja foronya. Akahamishiwa kwenye mashine, kisha kwenye pasi, na hatimaye akawa msimamizi wa kitengo kizima. Jina la Mama Wanga lilitokana na makoti ya madaktari, ambayo enzi hizo yalitiwa wanga ili yakae wima, na hakuna aliyekijua kipimo chake kama yeye. Wageni waliposikia "mpelekee Mama Wanga" walishtuka, wakadhani hospitali imeajiri mchawi hadharani. Daktari mmoja mgeni alifua koti lake nyumbani kwa muda mrefu, mpaka alipoelezwa kwamba wanga wenyewe ni ule wa kukazia nguo.

Ni yeye aliyehangaikia mashine ya pili ya kukaushia hadi ikapatikana, akiwa anamsubiri mkurugenzi kwenye ngazi kila Jumatatu na shuka bichi mkononi. Ni yeye pia aliyeamuru mashuka ya watoto yafuliwe peke yake. Tabia yake kubwa ni kupanga. Haoni rundo asilitenganishe, na hasikii jambo asilolitafutia sababu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mwaka ule wa ugonjwa wa kifua.

Wanaoukumbuka hawahitaji kuelezwa. Watu walikohoa, wakapumua kwa shida, wodi ya kifua ikajaa mpaka vitanda vikawekwa ukumbini. Mashuka yao yaliletwa kwetu ndani ya mifuko ya njano. Chumba cha dobi kina pande mbili, na kati yake pana ukuta. Upande mchafu ndiko mifuko inakopokelewa dirishani na kufunguliwa. Upande safi ndiko kwenye pasi, meza za kukunjia na makabati. Kabla ya mwaka ule hakuna aliyejali amepangwa wapi. Ghafla kila mtu akawa na mgongo unaouma, mtoto anayenyonya au mama mkwe mgonjwa, na wote dawa yao ilikuwa kukaa upande safi.

Mama Wanga alikuwa amesikia watu wakizungumza habari za makundi ya damu. Asubuhi moja alimsimamisha daktari wa kifua alipopita dirishani kwetu kuchukua gauni.

"Dokta, hivi ni kweli watu wa damu fulani hawashikwi?"

Daktari alikuwa hoi, barakoa imemchora mstari mwekundu puani. "Kuna watafiti wanaosema kundi O huambukizwa pungufu kidogo kuliko wengine, na A zaidi kidogo," alisema. "Wengine wamepima wasione tofauti yoyote. Usiitegemee, mama."

Simu yake ikaita, akaondoka. Sisi tuliokuwa tumesimama nyuma ya Mama Wanga tulibaki na O. Ile "usiitegemee" sijui ilidondokea wapi.

Siku hiyohiyo alituuliza kila mtu kundi lake la damu. Mmoja alijibu kwamba yake ni chanya, ila herufi haikumbuki. Mwingine alidai ni O kwa sababu mbu wanampenda sana. Ikabidi karibu wote twende maabara, tukarudi na pamba vidoleni. Wengi wetu tulikuwa A, akiwemo Mama Wanga mwenyewe, na wachache B. Mwenye O alikuwa mmoja tu, naye ni Shemeji.

Shemeji ndiye mpiga pasi wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu mkewe ni mkunga wa wodi ya wazazi, na hospitali nzima inamwita mkewe Dada. Hakuhitaji kupimwa, maana benki ya damu humtafuta kila mara, naye hupenda kusema kwamba damu yake ni mali ya umma. Mama Wanga alipomwambia zamu zitakuwaje, hakubisha. Alitundika aproni ya pasi kwenye msumari, akavaa ile ya mpira, akavuka kwenda upande mchafu. Akawa anapokea na kufungua mifuko peke yake, wiki baada ya wiki. Sisi tulikunja foronya tukiongea kwa sauti za watu waliopona.

Kisha Shemeji akaanza kukohoa. Jioni ile alisema ni vumbi la sabuni. Kesho yake hakuja, na keshokutwa tukasikia amelazwa kwenye wodi ileile ya kifua, na amewekewa hewa.

Mashuka yake yaliteremshwa kwetu pamoja na ya wengine. Hayakuwa na jina, lakini tulijua yamo. Mama Wanga, mwenye damu A, alivaa aproni ya mpira, akavuka ukuta, akafungua mifuko yote yeye mwenyewe. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyejitolea. Tulijifanya tunahesabu mataulo.

Mkunga alikuja mchana. Alisimama nje ya dirisha akiwa bado na gauni la kazi, macho yamemvimba.

"Mama Wanga, nieleze pole pole maana mimi sielewi," alisema. "Damu ya mume wangu ni glavu?"

Mama Wanga alikuwa ameshika kona ya shuka, na aliendelea kuishika.

"Sijui, Dada," alijibu. "Niliambiwa kitu, nikakielewa hivyo."

"Ulikielewa vipi?"

"Kwamba yeye hatashikwa."

Mkunga aligeuka, akaenda zake. Ingekuwa afadhali angetukana.

Mama Wanga alipanda ngazi kumtafuta daktari wa kifua, na alinichukua niende naye, nadhani ili masikio yawe manne. Daktari alitusikiliza mpaka mwisho. Akaeleza kwamba hata pale tofauti ilipoonekana, ilikuwa ndogo sana, ya kuonekana kwa kuhesabu maelfu ya watu, na haisemi chochote kuhusu mtu mmoja aliyesimama dirishani.

"Kwa hiyo nimemwambukiza mimi," alisema Mama Wanga.

"Kupanga zamu kwa damu ulikosea, mama. Lakini kwamba ameupata kule, hilo sijui. Anaweza kuwa ameupata kantini, nyumbani, popote."

"Sasa nilikosea au sikukosea?"

"Ulikosea," alisema daktari. "Ila sijui kama kosa lako ndilo lililomlaza."

Tuliteremka ngazi tukiwa tumechanganyikiwa kuliko tulivyopanda. Mama Wanga alisimama katikati, akaniuliza kama mimi nimeelewa. Nilisema ndiyo. Akaniomba nimweleze, nikashindwa.

Kuanzia siku hiyo utaratibu ulibadilika. Kila mtu, awe na damu ya kundi gani, alikwenda upande mchafu kwa zamu, kwa barakoa, glavu na aproni kamili, na madirisha yote wazi. Zamu ya kwanza aliishika yeye. Kama mlitegemea mambo yatanyooka, hayakunyooka. Mimi niliugua nikiwa likizoni, sijagusa shuka hata moja. Mlinzi wa geti, mwenye O, aliugua mara mbili. Mama Wanga, A yake mkononi, hakukohoa hata kidogo. Alikwenda kupimwa tena kundi la damu kwa kudhani maabara ilikosea. Haikukosea.

Wakati Shemeji bado yuko kitandani, mkunga alirudi dirishani. Walikuwa wamepimwa wote wa wodi ya wazazi, naye akakutwa na dalili kwamba aliwahi kuupata bila kujua. Alikumbuka alikuwa na mafua kidogo kabla mumewe hajaanza kukohoa.

"Labda ni mimi niliyempelekea," alisema.

"Labda," alisema Mama Wanga. "Au labda yeye ndiye aliyekuletea."

Waliketi kwenye benchi lililo nje ya dirisha, bega kwa bega, wakajaribu kupanga nani alikohoa kwanza. Hawakufika popote. Mwishowe mkunga aliuliza, "Sasa tumlaumu nani?" Mama Wanga akasema yeye anaona wanywe chai kwanza.

Shemeji alirudi kazini amekonda mpaka mkanda unamzunguka mara mbili. Mama Wanga alitukusanya ili amwombe radhi mbele yetu sote. Shemeji hakumwacha amalize. "Radhi ya nini? Ningekuwa A, saa hizi mngekuwa mnagawana viatu vyangu. O ndiyo iliyoniokoa." Tangu hapo wawili hawa wamebishana kila wiki, Mama Wanga akisema O ilimlaza na Shemeji akisema O ilimponya, na kila mmoja ushahidi wake ni ugonjwa uleule mmoja.

Wiki iliyopita, wakati wa chai ya saa nne, Mama Wanga alivuta kiti akakaa mbele ya Shemeji.

"Leo usinijibu mpaka nimalize," alisema. "Habari ya damu sikuielewa na sitaielewa. Lakini nilikupeleka kule ili sisi wengine tulale usingizi. Hilo nalielewa vizuri. Nisamehe."

Shemeji aliweka kikombe chini.

"Nilijua," alisema. "Mimi mwenyewe sikuiamini sana hiyo O. Niliwaona mnavyotetemeka, nikaona bora niende."

"Na miaka yote hii unayobishana nami?"

"Niliporudi ulikuwa huli. Nilipoanza kukubishia ukaanza kula."

Mama Wanga alitutazama mmoja mmoja kana kwamba kati yetu yupo mwenye maelezo. Kisha akalia, akacheka, na Shemeji akamsogezea leso, iliyopigwa pasi.

Mama Wanga anakwenda kuishi kwa binti yake mkubwa, ambako tunaambiwa ameshaanza kupanga kabati za watu. Tunakushukuru kwa kila shuka lililofika kitandani likiwa safi, na kwa kushika zamu ya kwanza siku ile. Nenda salama, mama yetu. Pumzika, kula vizuri, ucheke na wajukuu, na maisha yako yawe mema kila uchao. Shemeji ameniomba niongeze kwamba Jumamosi atakuja kukubishia hukohuko.